Mtoto asiye na hamu tena

UKURASA WA WAZAZI NA VIJANA



Miezi hii barua nyingi zinazotufikia zinauliza neno moja kwa njia mbalimbali. Mama mmoja wa Likasi anaandika ya kuwa kijana wake wa miaka 15, aliyependa mpira kuliko bukari, sasa analala tangu saa nane mpaka jioni. Akiulizwa anajibu tu: "Mama, achia, sina na kintu." Baba mmoja wa Kolwezi analalamika juu ya mwana wake aliyeacha masomo na kukimbilia kariere. Kila feza anayoipata inaishia katika pari ya mpira na lutuku. Msichana mmoja hakuweka jina lake wala mji wake. Aliandika mistari mitatu: anaimba katika kwaya kila siku ya Mungu, sauti inatoka, lakini wimbo haumgusi tena.

Watu wa mtaa wana majibu tayari. Wa kwanza ni mvivu, wa pili ni mwasi, wa tatu amepoa kiroho. Kwangu mimi barua hizi tatu zinaweza kuwa barua moja, na leo ninataka kueleza sababu.

Tuanze na neno ambalo watu wa mjini wanalitaja kila siku: stresi. Wazee wetu walisema tu "mawazo" au "kuwaza-waza", na walielewana. Hans Selye, aliyetumika katika mji wa Montréal kule Kanada, aliandika mwaka 1936 ya kuwa mwili unajibu kwa namna moja mbele ya mateso ya aina nyingi: baridi, sumu, kidonda, kazi ya kupita nguvu. Leo tunajua zaidi namna inavyopita. Ubongo ukiona hatari unatuma habari mpaka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga katika damu kitu kinachoitwa kortizoli. Sukari inapanda katika damu, macho yanafunguka, usingizi unakimbia. Huo si ugonjwa. Kama lori la madini linakuja mbio katika barabara ya Kasumbalesa, stresi ndiyo inayokurusha pembeni. Mbele ya egzamani ya Serikali, stresi kidogo inamwamsha mtoto saa kumi ya asubuhi ashike kitabu.

Shida ni ile isiyokwisha. Lori likipita, mwili unatulia. Lakini mtoto anayelala kila usiku akisikiliza kama baba atarudi amelewa, au kama mwenye nyumba atapiga mlango, mwili wake hautulii. Anakaa sawa mlinzi wa usiku ambaye asubuhi hakuna mtu wa kumpokea zamu.

Sisi wa maeneo ya migodi tunaijua stresi ya namna hii. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, wengi wakiwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara, waliingia katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Watoto wa nyumba zile walijifunza mapema maana ya posho iliyokatika, na leo wao ndio wazazi. Siku hizi jamaa nyingi zinakula kwa bei ya kobalti, na hakuna mtu wa hapa anayeiamua bei hiyo. Mwezi wa pili mwaka 2025 Serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya inchi ili bei ipande, na tangu mwezi wa kumi mwaka ule ule ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Wakubwa walikuwa na sababu zao. Lakini katika nyumba ya mchimbaji mtoto haoni soko la dunia. Anaona sufuria.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo watu hawalizungumzi sana, nalo ni furaha. Ndani ya ubongo kuna njia yake. Mwaka 1954, kule kule Montréal, James Olds na Peter Milner walitia uzi mwembamba wa umeme katika ubongo wa panya, wakamwachia kifimbo cha kubonyeza. Kila akibonyeza, umeme kidogo unapita mahali fulani ubongoni. Panya walibonyeza mamia na mamia ya mara kwa saa moja. Hivi watu wakaanza kuelewa ya kuwa kuna njia katika ubongo inayosema: hii ni nzuri, rudilia. Kitu kimoja kinachopita katika njia hiyo kinaitwa dopamini.

Kazi ya mtu mwingine imenifundisha zaidi. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alitumika kule Uswisi na tumbili, akisikiliza chembe za ubongo zinazotoa dopamini. Tumbili akipewa tone la maji ya matunda bila kulitazamia, chembe zile zinapiga kelele. Kisha akamzoeza: taa inawaka, halafu maji yanakuja. Alipokwisha kuzoea, chembe hazikushangilia maji tena, zilishangilia taa. Ni kusema furaha ilihamia kwenye kutumaini. Na ikiwa taa imewaka lakini maji hayakuja? Dakika ile ile ambayo maji yalipashwa kufika, chembe zilinyamaza, zikashuka chini kuliko kawaida yao.

Wazazi, ninaomba msome mistari ile mara ya pili. "Mwisho wa mwezi nitakulipia minervali." Taa imewaka. Mwisho wa mwezi unapita. "Noeli nitakununulia viatu." Taa imewaka tena. Sisemi ya kuwa mtoto ni tumbili, wala ya kuwa ahadi moja iliyovunjika inaleta ugonjwa. Hata mimi ninajua ya kuwa baba wengi wanaahidi kwa mapendo, kwa sababu hawana kitu kingine cha kumpa mtoto siku ile. Lakini mtoto ambaye taa inamwakia mara ishirini na maji yanakuja mara mbili, anajifunza kitu. Anajifunza asiangalie taa tena. Nanyi mnakuja kusema, "Huyu mutoto, hata umuambie nini, hafurahi."

Mbona jambo hili linawashika vijana kuliko watoto wadogo na kuliko wazee? Kwa sababu kati ya miaka 12 na 20 ile njia ya furaha inatumika kwa nguvu kubwa, nayo sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya kipaji cha uso, ile inayopima na kuzuia, inaendelea kujengwa mpaka miaka 25 hivi. Mmewaona vijana wanaoshusha makala mjini kwa kinga, mifuko imepanda kuliko kichwa. Miguu ina nguvu ya ajabu, mteremko ni mkali, na freni ni kiatu cha mguu tu. Kijana wa miaka 15 ni hivyo. Wenzake wakiwa pembeni mwendo unazidi. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari. Vijana wa miaka 13 mpaka 16 walipokuwa pamoja na wenzao waliingia hatari nyingi zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima wenzao hawakubadilisha kitu. Kwa hiyo msiseme tu "marafiki wabaya". Kwa kijana, kupokelewa na wenzake ni chakula, na kutupwa nao ni njaa.

Haya, tuyaunganishe mambo mawili. Stresi isiyokwisha inakuta njia ya furaha ikiwa bado inajengwa. Inaifanya nini?

Mara nyingi inaipunguzia nguvu. Mwaka 2006, kule Marekani, Ryan Bogdan na Diego Pizzagalli waliwapa wanawake kazi ndogo yenye malipo ya feza, huku wakiwatisha ya kuwa wanaweza kupigwa na umeme kidogo. Hofu tu ilitosha kupunguza namna walivyoyafuata malipo. Ulaya nako kuna uchunguzi mkubwa unaoitwa IMAGEN, uliokusanya vijana karibu 2,000 wa miaka 14 katika Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Ireland. Waliingizwa katika mashine ya kupiga picha ya ubongo huku wakicheza mchezo wa kushinda pointi. Mwaka 2015 Argyris Stringaris na wenzake walionyesha matokeo. Vijana ambao sehemu ya furaha katika ubongo iliamka kidogo tu wakati wa kutazamia kushinda, ndio waliokuwa zaidi na dalili za depresyoni, ule ugonjwa wa huzuni. Hata kati ya wale waliokuwa wazima siku ile, udhaifu huo ulitangulia ugonjwa uliokuja kuonekana kisha miaka miwili. Wengine wanazaliwa na njia dhaifu tayari, maana damu ya jamaa nayo ina sehemu yake. Wengine inadhoofishwa na maisha. Na wengi wanabeba yote mawili.

Kijana wa Likasi anayelala mchana na msichana wa kwaya, ninawaona hapa. Wanganga wanapotafuta depresyoni, huzuni si alama ya pekee wanayoitafuta. Wanauliza pia: je, vitu alivyovipenda vingali na ladha? Mtoto anaweza kuwa na depresyoni bila kulia hata siku moja. Anakuwa mkali, au anakuwa mtupu. Mpira uko pale, wenzake wanamwita kwenye mlango, naye anajua ya kuwa zamani alifurahi, lakini mwili hautaki kuinuka. Ukimpiga kwa ajili ya hiyo umemwongezea stresi, na stresi ndiyo inayomfunga. Ni sawa kumwagia maji mtu anayetetemeka kwa baridi.

Njia ya pili ni ya kijana wa Kolwezi. Ladha ndogo za kila siku zikipotea, kijana anaweza kutafuta ladha kali, ya haraka. Na hapa kwetu haiko mbali. Kumbukeni chembe za Schultz: zinapiga kelele zaidi kwa kitu kisichotazamiwa. Sasa angalieni kariere. Siku tatu unachimba bure, siku ya ine unatoa mifuko na unashika dola mkononi jioni ile ile. Angalieni pari ya mpira. Wiki ine umepoteza, wiki ya tano umeshinda, na mtaa mzima umesikia. Angalieni simu, inayolia wakati usiojulikana. Vyote vinatumia mlango mmoja. Shule nayo inasema: ngoja miaka, utapata diploma, na kwa diploma labda utapata kazi. Kijana anayetoka katika nyumba ambamo taa zimewaka bila maji, kwa nini aamini taa ya mbali namna ile? Akichagua leo, hapo si ujinga. Ni hesabu aliyofundishwa na maisha yake.

Lakini tusidanganyane. Watoto wengi wanakwenda mgodini kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya dopamini. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 ya kuwa watoto karibu 40,000 walikuwa wanatumika katika migodi ya kusini ya inchi yetu. Baba anayemtuma mtoto kuosha mawe asije na ukurasa huu kusema, "Pasta ameandika, ni ubongo wake."

Nitasema pia neno juu ya nyumba zetu za maombi, na sitalizungusha. Mtoto akibadilika, akikaa kimya, akikojoa kitandani, akikataa chakula, kuna watu wanaotamka haraka: "Shetani njo ilimuingilia," au wanasema mtoto ni mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka azabu kwa mtu anayemshitaki mtoto uchawi, hata awe mtumishi wa Mungu. Na hata pasipo sheria, fikirini: unachukua mtoto ambaye mwili wake hautulii usiku, unamkesheza siku tatu, unamnyima chakula, unamweka katikati ya watu wanaopiga kelele na kumtazama. Umekamilisha kila kitu ambacho stresi ilianza. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Eliya, aliyechoka mpaka akaomba kufa chini ya mti. Kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa usingizi na mkate na maji, mara mbili, mbele ya mazungumzo yoyote. Kuombea mtoto ni vema. Mwombeeni akiwa ameshiba na amelala.

Basi nini inasaidia? Nitaanza na majirani zetu, kwa sababu wametumika kwa feza kidogo kama sisi. Huko Harare, katika Zimbabwe, munganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na wanawake wazee 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa juu ya benchi la mti, nje ya kituo cha afya, na kumsikiliza. Kwa Kishona ugonjwa unaitwa kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mnaona, hata neno lao ni lile letu. Nkambo hamhubirii mtu. Anamwacha amwage shida zake zote, kisha wanachagua shida moja tu, wanatafuta tendo moja dogo analoweza kulifanya wiki hii, na anarudi kueleza. Mwaka 2016 matokeo yaliandikwa: katika watu 573 wa vituo 24, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kisha miezi sita kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima. Lakini njia ile ya tendo moja dogo inanipendeza kwa vijana wetu, kwa sababu tendo linaloweza kutimizwa ni taa inayowaka na maji yanakuja kweli.

Kwa vijana wenyewe tuna mfano wa Uganda. Katika kambi za watu waliokimbia vita kule kaskazini, Paul Bolton na wenzake waliwafuata vijana 314 wa miaka 14 mpaka 17. Wengine waliwekwa katika vikundi vya kuongea pamoja, mara moja kwa wiki, wiki 16, juu ya vilio, magombano na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Wasichana wa vikundi hivyo walipona huzuni kwa namna iliyoonekana wazi, lakini kwa wavulana haikuonekana hivyo. Kila nikisoma habari ile ninafikiri juu ya wavulana wetu, tunaowaambia tangu miaka mitano, "Mwanaume halii." Tumewafundisha vizuri, na sasa hata ukiwawekea kikundi hawana maneno. Kwa wavulana ninaona ni vema mazungumzo yaje mikono ikitumika: kutengeneza kinga, kufyatua matofali, kutembea njiani. Mkiwa bega kwa bega, bila kutazamana macho, maneno yanatoka.

Neno lingine kutoka kwa wachunguzi. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier waliandika juu ya mbwa waliopigwa na umeme bila njia ya kuusimamisha. Baadaye walipowekewa njia ya kutoroka, wengi hawakuijaribu hata, walilala tu. Watu wakasema mbwa walijifunza kukata tamaa. Karibu miaka 50 imepita, na mwaka 2016 watu hao wawili waligeuza maelezo yao: mbele ya mateso marefu kulala chini ndiko kunakokuja kwenyewe. Ubongo unachojifunza ni kitu kingine, ya kuwa tendo langu linaweza kubadilisha jambo. Na kilichojifunzwa kinaweza kufundishwa.

Ndiyo sababu ninawaomba wazazi wampe kijana kitu kilicho chake kweli, kidogo, ambacho akikitunza kinazaa. Kuku wawili. Tuta moja la lengalenga nyuma ya nyumba, na mboga zikiuzwa feza ni zake, msizichukue "kwa deni" (mnajijua). Mwaminini na ufunguo. Kama hamna kitu, bado kuna neno: ahidini kidogo na mtimize. Badala ya viatu vya Noeli, semeni, "Kesho jioni tutakula pamoja," na kesho jioni muwe mezani. Kama mshahara haukufika, mwambieni mtoto wa miaka 14 ukweli katika maneno mawili. Ukweli mgumu unaojulikana haumli mtoto sawa hofu anayojitungia mwenyewe gizani. Usingizi nao tusiudharau. Simu ya kijana ilale katika chumba cha mama, na simu ya baba nayo, isije ikawa sheria ya upande mmoja.

Sasa kwa wakati ambapo hii haitoshi. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linasema kijana mmoja katika saba, wa miaka 10 mpaka 19, ana ugonjwa wa akili wa namna fulani. Hesabuni kwaya ya vijana katika kanisa lenu. Ikiwa wiki mbili zimepita na mtoto hafurahii kitu chochote, halali au analala kupita kiasi, hali, anajiita bure, msingoje mwezi wa tatu. Na mkisikia maneno kama "mi ni muzigo kwenu" au "mngekuwa heri bila miye", au mkiona anagawa vitu vyake, muulizeni waziwazi: "Mwanangu, unafikiri kujiua?" Watu wanaogopa ya kuwa kuuliza kunaweza kumtia wazo. Si kweli, OMS yenyewe inafundisha hivyo. Wazo likiwa halipo, swali halilileti. Likiwapo, mtoto anapata mlango. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake usiku ule, ondoeni nyumbani sumu ya panya, dawa za mashamba na vidonge, na mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi ya siku ya kwanza. Kule Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, kilichoanzishwa na Ndugu wa Mapendo wa Kanisa Katolika, na hakuna haya kwa Mprotestanti kupiga mlango pale. Walio mbali waanze na kituo cha afya cha karibu na waseme neno lenyewe, wasijifiche nyuma ya "anaumwa kichwa". Dawa zikiandikwa, mwanafamilia mmoja azishike na kuzitoa.

Mwisho ni kwa yule msichana asiyeweka jina. Dada, usiache kwaya, na usijilazimishe kusikia furaha. Nenda kwa sababu ya wenzako, imba, rudi nyumbani. Ladha inaweza kurudi nyuma ya miguu, polepole, na siku nyingine utashangaa wimbo mmoja umekugusa katikati ya mstari. Ila mwambie mtu mzima mmoja yale uliyotuandikia, kwa mdomo, wiki hii: mama, yaya yako aliyeolewa, mwalimu wa siku ya Mungu, yeyote asiyekimbilia kukuhubiri. Na kama kuna mtu nyumbani au kanisani anayekufanyia jambo ambalo huwezi kulitaja, hata akiwa mkubwa wa kanisa, litaje. Tuandikie tena, uweke hata jina la kubuni ili tukujibu wewe.

Mwezi ujao tutaendelea na barua juu ya mahari, ambazo zimejaa meza. Baba wa Kipushi aliyeandika kurasa tisa, tumezisoma zote.